Kabla ya Kuiharibu Video, Chagua Utakachokiacha Kizima

Anayejaribu kwa mara ya kwanza sanaa ya glichi, yaani ya kuharibu faili kwa makusudi ili kupata picha, mara nyingi hupita njia moja. Anaifungua video yake katika programu ya maandishi, anakutana na kurasa za alama zisizosomeka, anafuta mistari hapa na pale, anahifadhi, kisha anabofya atazame. Faili inagoma. Programu inadai haiitambui, au inaonyesha weusi mtupu. Anarudia kwa kufuta kidogo tu, na safari hii video inacheza kama kawaida, utadhani haikuguswa. Mwishowe anaamua kwamba mambo haya ni bahati nasibu, na kwamba wenye video za kuvutia zenye rangi zinazotiririka na sura zinazoyeyuka wamebahatika tu. Mimi nadhani ni kinyume chake. Faili ya video huharibika kwa kufuata jinsi ilivyojengwa, na anayetaka uharibifu wenye sura inambidi ajue kwanza ni wapi asipaguse. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kulinda. Kuharibu kwenyewe ni jambo la dakika chache.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo iliyoleta yote haya. Fremu moja ya video ya 1920 kwa 1080, kila pikseli ikichukua baiti tatu za rangi, ina baiti 6,220,800. Kwa fremu 25 kila sekunde unapata zaidi ya megabaiti 155 za sekunde moja, na dakika moja inapita gigabaiti 9. Hakuna simu inayohifadhi video namna hiyo, wala bando la kuitazamia. Kwa hiyo kodeki, yaani kanuni za kubana picha na kuifungua tena, hutumia ujanja. Mara moja moja huhifadhi fremu kamili yenye picha yote. Fremu nyingi zinazofuata huhifadhi tofauti tu. Fremu ya tofauti haina picha ndani yake, ina maagizo: kipande hiki cha pikseli 16 kwa 16 kisogee hatua tatu kulia, kile kibaki kilipo, hapa ongeza mwanga kidogo. Kwa hiyo unachokitazama kwenye skrini, karibu muda wote, ni picha ya zamani inayosukumwa na maagizo mapya.

Ukishalielewa hilo, mbinu maarufu kuliko zote katika fani hii, datamoshi, inajieleza yenyewe. Chukua video mbili fupi. Ya kwanza ni kanga iliyoanikwa kambani, kamera imetulia: pindo jekundu, mji wenye maua meusi na meupe, jina limeandikwa chini. Ya pili ni mtu anayepita kutoka kushoto kwenda kulia mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Ziunganishe, kisha iondoe ile fremu kamili inayoanza video ya pili. Kodeki haina habari kwamba kuna kitu kimetoweka. Inapokea maagizo ya mtu anayetembea, na picha pekee iliyo nayo mkononi ni ya kanga, basi kanga inaanza kutembea. Pindo linavutwa kulia kwa umbo la bega, herufi za jina zinapinda pale mguu unapopita, maua yanaburutwa na kuacha michirizi. Ukutani hakuna kilichosogea, kwa hiyo maagizo ya sehemu ile yanasema pabaki kama palivyo, na kanga inaendelea kuning'inia pale ikiwa safi kabisa. Kadiri sekunde zinavyopita, vipande vya chokaa vinaanza kuchomoza nyuma ya mpita njia, kwa kuwa kila anapofunua sehemu ya ukuta iliyokuwa nyuma ya mwili wake, kusogeza vipande vya zamani hakutoshi tena, na faili inalazimika kuleta pikseli mpya. Kilichoondolewa katika haya yote ni fremu moja kati ya mamia.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu programu. Unahusu video utakazozichagua, na hapo ndipo wengi wanapofeli kabla hata hawajawasha kompyuta. Video ya kwanza, ile itakayoburutwa, iwe na rangi nzito na mipaka iliyo wazi, ili jicho litambue kinachopinda. Anga tupu ikiburutwa inabaki anga tupu. Video ya pili iwe na mwendo mmoja mkubwa unaosomeka: mtu anayegeuka polepole, tanga linalovuka fremu, basi la mwendokasi likipita mbele ya kamera iliyosimama. Epuka majani yanayopeperushwa, maji yanayochafuka na umati unaosukumana. Mwendo wa aina hiyo hautabiriki kwa kusogeza vipande, kwa hiyo kodeki huleta pikseli mpya kwa wingi, na picha ya pili hujirudisha ndani ya sekunde moja au mbili ukabaki na ukungu usio na maana. Kamera inayotikisika mkononi nayo huifanya fremu nzima itambae upande mmoja, na kila kitu kikageuka tope. Tope si baya ukilitaka. Wengi hulipata bila kulitaka.

Hatua inayofuata ni kuiandaa faili, na hapa uvumilivu kidogo unalipa. Simu nyingi hurekodi kwa H.264, kodeki iliyoidhinishwa mwaka 2003, au kwa mrithi wake. Ni kodeki hodari, na kwa msanii wa glichi uhodari huo ni kero: fremu moja inaweza kurejea picha kadhaa zilizotangulia badala ya moja, na mpangilio wa data umesukwa kiasi kwamba kosa dogo huvuruga kila kilicho mbele yake katika kipande husika. Afadhali uirudishe video kwenye MPEG-4 ya zamani, ile ya enzi za DivX na Xvid, ndani ya faili ya AVI, muundo ambao Microsoft iliutoa mwaka 1992 na ambao huvumilia mengi. Programu ya bure ya FFmpeg inafanya kazi hiyo kwa amri moja. Mambo mawili usiyasahau katika amri hiyo: -bf 0, ili kusiwe na fremu zinazotegemea zile za mbele yake, na -g 600, ili fremu kamili zije kwa nadra. Kwa kasi ya fremu 25, 600 ni sekunde 24 za maagizo matupu, muda wa kutosha. Lipo kosa moja lililojificha hapa. Ukiziunganisha video zako mbili kwanza halafu ndipo uzibane kwa pamoja, huna uhakika kama penye mkato patawekwa fremu kamili. Pengine kodeki itaijenga picha mpya yote ndani ya fremu ya tofauti, na hapo hakuna cha kuondoa. Zibane kila moja peke yake, zote kwa ukubwa na kasi ileile, kisha uziunganishe bila kuzibana upya. Namna hiyo una hakika kwamba video ya pili inaanza na fremu kamili, na unajua ilipo.

Kuiondoa kuna njia mbili. Iliyo rahisi ni Avidemux, hasa matoleo ya zamani ya 2.5, ambayo hukuruhusu kukata fremu yoyote na kuhifadhi bila kubana upya. Iliyo ngumu kidogo, lakini yenye kufundisha zaidi, ni kihariri cha heksa, programu inayokuonyesha faili baiti kwa baiti. Katika MPEG-4 kila fremu hutanguliwa na alama 00 00 01 B6, na biti mbili za kwanza za baiti inayofuata ndizo zinazosema fremu ni ya aina gani. Baiti hiyo ikiwa kati ya 00 na 3F, fremu ni kamili. Ikiwa kati ya 40 na 7F, ni ya tofauti. Hata kama hukusudii kukata chochote kwa njia hii, pitia faili yako namna hiyo angalau mara moja. Utakachokiona ni alama ya fremu kamili mwanzoni, kisha mfululizo mrefu wa fremu za tofauti. Baada ya hapo hutaiona tena video kama mkanda wa picha.

Kinyume cha kuondoa ni kurudia. Ukichukua fremu moja ya tofauti ukainakili mara ishirini au thelathini mfululizo, agizo lilelile linatekelezwa tena na tena: kama lilisema bega lisogee pikseli mbili kulia, sasa linasogea arobaini au sitini, likivuta kila kilicho nyuma yake kama rangi mbichi. Chagua fremu ambayo mwendo wake uko katikati ya tendo, mkono unapopanda au kichwa kinapogeuka, si pale tendo linapoanza wala linapokoma.

Uharibifu wa aina ya pili ni ule wa kubadilisha baiti zenyewe, na hapa kanuni ya kulinda inadhihirika zaidi. Faili ya AVI huanza na herufi RIFF zikifuatiwa na maelezo ya ukubwa, kasi na kodeki. Picha zenyewe zimo baadaye, katika sehemu iliyoandikwa movi. Kwenye MP4, sehemu iitwayo moov ndiyo daftari linalosema kila fremu iko baiti ya ngapi, na mdat ndimo zilimo data. Ukiligusa daftari, umeifunga video. Ukigusa data tu, video inafunguka na vidonda vyako vinaonekana. Badilisha baiti zilizopo. Usiongeze wala usipunguze, maana ukiongeza moja tu, anwani zote zinazofuata zinapishana na daftari. Anza na baiti chache mno, zilizo mbalimbali, uone. Huo ndio ufafanuzi wa yule aliyegomewa na faili mwanzoni: kufuta mistari kulihamisha anwani, na programu ya maandishi ilipohifadhi huenda iligeuza hata baiti ambazo yeye hakuzigusa, zikiwemo zile za kichwa cha faili.

Anayetaka ushahidi kwamba muundo ndio unaoamua sura ya uharibifu aitazame kazi ya msanii wa Uholanzi Rosa Menkman, A Vernacular of File Formats, ya mwaka 2010. Alichukua picha ya uso wake, akaihifadhi katika miundo mbalimbali ya faili, akaziharibu zote. Kila muundo ulivunjika kwa namna yake. Katika JPEG mwanga wa kila kipande huandikwa kama tofauti na kipande kilichotangulia, hivyo kosa moja hubadili rangi za kila kinachofuata. Katika muundo usiobanwa, kosa kama hilo huacha doa dogo likaishia hapo. Ushahidi mwingine unatoka kwa mafundi. FFglitch, zana ya Ramiro Polla iliyojengwa juu ya FFmpeg, inakuwezesha kuyahariri maagizo ya mwendo yenyewe huku ikiandika faili inayotii sarufi ya kodeki. Video inatoka imepinda vibaya, na bado faili ni halali. Kama uharibifu ungekuwa ni kubahatisha, hakuna ambaye angejisumbua kutengeneza zana ya jinsi hiyo.

Hapa atatokea wa kusema: ukishapanga yote haya, glichi iko wapi? Si kosa tena, ni mapambo. Pingamizi hili lina uzito na wanaofanya kazi hii wenyewe hulijadili; Menkman katika kitabu chake cha 2011, The Glitch Moment(um), anaonya jinsi glichi inavyogeuka kuwa bidhaa ya kawaida. Lakini pingamizi linachanganya kupanga mahali pa kosa na kupanga matokeo yake. Wewe unachagua fremu ya kuondoa. Hukuchagua kodeki ilifananisha kipande gani cha ukuta na kipande gani cha shati. Kodeki haitafuti mwendo wa kweli, inatafuta mfanano wa bei nafuu, na mara kwa mara huamua kwamba kiwiko kimetoka kwenye kivuli kilicho mbali nacho. Maamuzi hayo ya ajabu yalikuwa yamefichwa ndani ya faili tangu mwanzo. Unapoondoa fremu kamili unayafichua, na hata ukiwa umefanya kazi hii kwa miaka huwezi kuyabashiri yote.

Wengine watauliza kwa nini mtu ahangaike na baiti wakati simu ina programu za vichujio zinazoweka glichi kwa kubonyeza mara moja. Kwa tangazo la sekunde kumi, kichujio kinatosha, na sioni aibu kwa anayekitumia. Kasoro ya vingi kati yavyo ni kwamba haviijui video yako. Hutenganisha nyekundu na buluu, huongeza mistari ya televisheni ya zamani, hutikisa fremu, na ukiiweka harusi au mechi ya mpira vitafanya yaleyale. Katika datamoshi ya kweli kanga hupinda kwa mwendo wa mtu yule na wa siku ile. Ukibadilisha video, umebadilisha uharibifu.

Pingamizi la tatu ni la uchakavu: kwamba mbinu hii ilikwisha zamani. Ni kweli kwamba mwaka 2009 zilitoka karibu kwa wakati mmoja video mbili za muziki zilizoitumia waziwazi, Evident Utensil ya kundi la Chairlift iliyoongozwa na Ray Tintori, na Welcome to Heartbreak ya Kanye West iliyoongozwa na Nabil Elderkin, na baada ya hapo ikaenea mpaka ikachosha. Lakini linganisha na msanii Takeshi Murata, aliyewatangulia. Katika Monster Movie ya 2005 alichukua vipande vya Caveman, filamu ya vichekesho ya 1981, na jitu lake likawa linazama na kuibuka katika rangi zake lenyewe. Mwaka 2006, katika Untitled (Silver), alikwenda kwenye filamu ya kutisha ya Mario Bava ya 1960, isiyo na rangi, na matokeo yakawa kama zebaki inayotembea. Msanii ni mmoja, kanuni ni ileile, na kazi hizo mbili hazifanani kwa sababu malighafi hazifanani. Kilichochakaa ni ile tabia ya kuweka datamoshi kwenye kila mkato kwa sababu tu inawezekana.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la mtu wa nyumbani. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa 2012 na Kenya ikafuata 2015, chenga za zamani zimetoweka, na badala yake mvua kubwa ikinyesha king'amuzi kinatoa vigae: mtangazaji anaganda, kinywa chake kinabaki kwenye uso wa mgeni wake, kisha vyote vinanyooka kwa mkupuo. Huyu mtu anauliza, nitalipia vipi ufundi wa kuharibu picha wakati ninaharibiwa bure? Jibu langu ni kwamba alichokiona ni jambo lilelile, ila hakuna aliyelisimamia. Data zimepotea njiani, king'amuzi kikaendelea kusukuma picha ya zamani, na kule kunyooka kwa ghafla ni fremu kamili mpya imefika. Msanii anaizuia fremu hiyo isifike, kwa muda anaoutaka yeye, mahali anapopataka yeye, ili mtazamaji apate nafasi ya kuona kile ambacho mvua humwonyesha kwa nusu sekunde na kumkatishia goli. Kama baada ya hapo bado ataiona ni kero, ana haki. Si kila mtu aipende.

Machache ya tahadhari, kwa haraka. Fanya kazi kwenye nakala, kamwe si kwenye faili ya asili, hasa ikiwa ni harusi au msiba wa watu. Usidhani uso ulioharibiwa umefichwa: maagizo ya mwendo hubeba mzingo wa mtu na mtembeo wake, na anayemfahamu atamtambua, kwa hiyo omba ruhusa kama vile unaonyesha uso mzima. Na jihadhari na mimweko. Tarehe 16 Desemba 1997 nchini Japani, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon chenye mimweko mikali ya nyekundu na buluu kiliwapeleka hospitali watoto kwa mamia. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, WCAG, inataka mmweko usizidi mara tatu katika sekunde moja. Baiti zilizobadilishwa ovyo huvuka kiwango hicho kirahisi, kwa hiyo itazame kazi yako fremu kwa fremu kabla ya kuirusha, na weka onyo mwanzoni.

Mwisho, usimtumie mtu faili iliyovunjika. VLC itaionyesha kwa namna moja, programu nyingine kwa namna nyingine, na simu ya mwenzako huenda isiifungue kabisa, kwa kuwa kila kifungua-kodeki kina njia yake ya kukabili makosa. Icheze kwenye programu inayokupa sura uliyoipenda na urekodi skrini, au ipitishe tena FFmpeg itoke H.264 safi, ili vidonda viwe sasa ni picha ya kawaida isiyotegemea bahati ya mpokeaji. Ipe ubora wa juu kuliko unavyofanya kwa video nyingine: vigae na michirizi ni vigumu kubana, na ukibana sana, makosa ya kodeki mpya yatayafunika yale uliyoyatafuta. Kwa sababu hiyohiyo, ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti.